Mwongozo Kamili wa Kuziba Mapengo ya Maarifa ya Jumla kwa Mtu Aliyesoma

Mtu anaweza kuwa na shahada mbili, akaheshimika kazini kwa umahiri wake, na bado asiweze kueleza kwa nini mwezi hubadilika umbo, namna muswada unavyogeuka kuwa sheria, au gharama halisi ya mkopo aliousaini mwezi uliopita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi, mwalimu, mwanasheria, muuguzi, mhasibu na yeyote aliyemaliza chuo, ambaye anataka kuyaona mapengo yake bila kujidanganya na kuyaziba kwa mpangilio. Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye intaneti, na saa mbili hivi kwa wiki kwa muda wa miezi kadhaa.

Mapengo hutoka wapi

Katika Tanzania, mwanafunzi anayevuka Kidato cha Nne huingia katika tahasusi ya masomo matatu. Aliyepangiwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huagana na historia na baiolojia kabla hajafikisha miaka ishirini, na aliyepangiwa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hakutani tena na kemia maishani mwake. Wengi huanza mapema zaidi, kwa kuacha fizikia na kemia mara tu wanapomaliza Kidato cha Pili. Somo la GS (General Studies, yaani maarifa ya jumla) lilifundishwa kwa wote kwa miaka mingi, lakini kwa uzito lililopewa katika shule nyingi halikuweza kulipa deni la masomo yote yaliyoachwa. Uganda ilirithi mpangilio huohuo kutoka Uingereza. Kenya iliuacha ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ingawa mtaala wake mpya nao unamtaka mwanafunzi wa Gredi ya 10 afuate mojawapo ya njia tatu.

Waingereza wenyewe waliuona upungufu huu zamani. Mwaka 1959, Charles Percy Snow, aliyekuwa mwanasayansi na pia mwandishi wa riwaya, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Cambridge akilalamika kwamba wanasayansi na wanafasihi wa nchi yake hawaelewani tena. Alieleza jinsi alivyowahi kuwauliza watu waliojiona wasomi kama wanaweza kuifafanua kanuni ya pili ya thamodinamiki, tawi la fizikia linalohusu joto na nishati, na hakupata jibu.

Kuna jambo la pili lililo gumu zaidi. Pengo la mtu aliyesoma kwa kawaida haliwi tupu. Huwa limejazwa jibu lisilo sahihi ambalo mwenyewe analiamini. Katika miaka ya 1980, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa siku ya mahafali yao kwa nini kiangazi huwa na joto kuliko majira ya baridi, na wengi wa waliohojiwa walijibu kwa kujiamini kwamba dunia huwa imelikaribia jua, jibu ambalo si kweli. Daktari Hans Rosling wa Sweden, aliyewahi kufanya kazi kaskazini mwa Msumbiji, aliwapa wanafunzi wake wa Taasisi ya Karolinska jozi za nchi wachague ile yenye vifo vingi zaidi vya watoto, nao wakapata alama chache kuliko ambazo mtu angepata kwa kubahatisha. Anayebahatisha hana upande, lakini wanafunzi hawa walikuwa na picha ya dunia iliyopitwa na wakati, na picha hiyo ndiyo iliyowapoteza. Kwa sababu hiyo, hatua mbili za kwanza hapa chini ni za kufichua, na kusoma kunafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: orodhesha ulipoachia kila somo

Andika masomo yote ya shule katika safu moja: hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, jiografia, historia, uraia, Kiswahili, uchumi, dini. Mbele ya kila somo andika darasa au kidato ulichokuwa ulipolisoma kwa mara ya mwisho. Ukishamaliza, jiulize ni mambo gani unayoyafanya leo, kama mzazi, mpiga kura, mkopaji au mgonjwa, yanayotegemea somo uliloliacha ukiwa na miaka kumi na mitano. Usiruke masomo uliyofaulu vizuri, kwani alama A ya mwaka 2005 haithibitishi kwamba maarifa yenyewe bado yapo.

Hatua ya pili: jipime kwa kueleza

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha matokeo ya majaribio rahisi. Waliwataka watu wajipe alama za uelewa wao kuhusu vitu vya kawaida kama zipu, kitasa cha mlango na choo cha kuvuta maji. Kisha wakawataka waandike, hatua kwa hatua, jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Baada ya kuandika, watu walijishushia alama wenyewe. Tunachanganya kukitambua kitu na kukielewa, na hapana njia ya haraka ya kuvitenganisha isipokuwa kalamu.

Kwa hiyo chukua daftari na uandike aya moja kwa kila swali kati ya haya, bila kutazama popote. Kwa nini Mbeya ina msimu mmoja wa mvua ilhali Tanga ina miwili? Nani anaamua kibayolojia kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume? Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei zimepanda au zimeshuka? Antibiotiki inatibu nini na haitibu nini? Muswada ukishapitishwa na Bunge, unakosa nini ili uwe sheria? Zanzibar ilipata uhuru lini, na tarehe hiyo inatofautianaje na ile ya Mapinduzi? Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 ikiwa ndani ya bei ya shilingi 118,000, ni shilingi ngapi?

Weka alama kwenye majibu ambayo ulianza kuyaandika kwa uhakika ukakwama katikati. Hayo yana thamani kuliko yale uliyojua tangu mwanzo kwamba huyajui.

Hatua ya tatu: anza na hesabu

Ninasisitiza hesabu zitangulie kwa sababu kosa la hesabu hulipwa kwa fedha taslimu, na kwa sababu wasomi wengi wa masomo ya sanaa wamejiaminisha kwamba hisabati si yao. Hisabati inayohitajika hapa haizidi ya Kidato cha Pili.

Tuanze na asilimia. Katika swali la VAT, wengi hukokotoa asilimia 18 ya 118,000 na kupata 21,240. Kodi hutozwa juu ya bei kabla ya kodi, kwa hiyo bei hiyo ni 100,000 na kodi ni 18,000. Vivyo hivyo, bidhaa ya 100,000 iliyopanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20 hairudi ilikotoka; inafika 96,000, kwa kuwa asilimia ya pili inakokotolewa juu ya 120,000. Na mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei. Unaposhuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi. Anayeliona tangazo la Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwamba mfumuko umeshuka kuwa ni uongo eti kwa sababu sukari haijashuka bei anapinga kitu ambacho tangazo halikusema.

Kisha njoo kwenye mikopo, eneo ambalo nimeona wasomi wakiumia kimya kimya. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kama riba inatozwa juu ya kiasi cha awali mpaka mwisho, utalipa 24,000 kila mwezi, jumla 288,000. Kama inatozwa juu ya salio linalopungua, nawe unarejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi, jumla ya riba inakuwa 156,000. Kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ni kilekile, asilimia 2, lakini gharama inakaribia kuwa mara mbili. Kabla ya kusaini, uliza swali moja tu: riba hii inatozwa juu ya mkopo wote au juu ya salio?

Mwisho, jizoeze na namba kubwa. Sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu hivi. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Unaposikia bajeti, gawanya. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa takribani shilingi trilioni 49.35, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukigawanya unapata shilingi 800,000 hivi kwa kila mtu kwa mwaka mzima, na kiasi halisi ni kidogo zaidi kwa kuwa watu wameongezeka tangu sensa. Kwa namba hiyo moja, ambayo ndani yake mna barabara, shule, mishahara na ulipaji wa deni la taifa, mjadala wowote kuhusu bajeti unaanza kueleweka.

Hatua ya nne: mwili wako na ukoo wako

Hapa pengo likijazwa jibu lisilo sahihi huvunja ndoa na kupoteza maisha. Yai la mama daima hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba ama X au Y, na hiyo ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Wapo watu wenye shahada wanaomlaumu mke, au wanaonyamaza ndugu wanapomlaumu, kwa kuzaa watoto wa kike watupu, wakati baiolojia ya sekondari ilishajibu.

Sambamba na hilo, jifunze jinsi ugonjwa wa damu wa seli mundu unavyorithiwa. Baba na mama wakiwa wote wawili wana hali ya AS, yaani kila mmoja amebeba nakala moja tu ya jeni ya ugonjwa huo, hali ambayo kwa kawaida haiwasumbui, kila ujauzito una uwezekano wa mara moja katika nne kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa wenyewe, SS. Jibu lisilo sahihi linalosikika sana ni kwamba mtoto wa kwanza akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Ujauzito hauna kumbukumbu ya uliotangulia. Uwezekano ni uleule kila mara. Kwa hiyo kipimo cha damu kabla ya ndoa au kabla ya ujauzito kina maana kubwa, hasa kwa jamii zilizoishi muda mrefu katika maeneo yenye malaria, ambako hali hii imeenea kwa kuwa AS humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Kisha panga magonjwa ya kawaida kulingana na kisababishi. Mafua, surua na UKIMWI husababishwa na virusi. Kifua kikuu, kipindupindu na homa ya matumbo husababishwa na bakteria. Malaria haimo katika makundi hayo mawili. Husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium, kinachosambazwa na mbu jike wa Anopheles. Antibiotiki hupambana na bakteria, kwa hiyo kuzinunua dukani kwa ajili ya mafua hakumponyi mgonjwa, na kila matumizi ya aina hiyo huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa.

Hatua ya tano: dola inayokutawala

Fungua Katiba, si muhtasari wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili na inapatikana bure mtandaoni; ile ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ina tafsiri ya Kiswahili. Kwa Mtanzania, ninapendekeza uanze na Ibara ya 4, inayogawa mamlaka ya utendaji, ya kutoa haki na ya kutunga sheria, kisha uruke mpaka Nyongeza ya Kwanza, yenye orodha ya Mambo ya Muungano. Humo utakuta elimu ya juu na polisi, lakini hutakuta afya wala kilimo. Ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake ya afya, na ndiyo maana Bunge la Dodoma halitungi sheria za kilimo cha karafuu Pemba. Kuhusu muswada, Bunge likishaupitisha bado unahitaji kibali cha Rais. Usemi wa magazeti kwamba sheria imepita siku ya kura hukimbilia mbele ya Katiba.

Tarehe nazo zina kazi yake, kwa kuwa mpangilio wake ndio unaoeleza sababu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Mtu akiona kwamba kati ya uhuru wa Zanzibar na Mapinduzi kuna mwezi mmoja tu, na kati ya Mapinduzi na Muungano miezi mitatu na nusu, anaanza kuuliza maswali ya maana kuhusu aliyeachiwa madaraka na Waingereza na kwa nini hayakudumu. Maswali hayo ni bora kuliko kukariri majina ya mawaziri.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inahitaji dakika chache tu. Ile ya kwanza iliundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Mkataba wa sasa ulisainiwa Arusha mwaka 1999, na baada ya Somalia kujiunga wanachama wamefika wanane.

Hatua ya sita: dunia na anga

Tuirudie hoja ya wahitimu wa Harvard, kwa maana kwetu ina mtego wake. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi. Mkazi wa Makete au Mbeya, anayetetemeka kwa baridi mwezi Julai, atapata kwamba jibu lisilo sahihi linakubaliana kabisa na anachokiona. Lakini Julai hiyohiyo Wazungu wako katika joto la kiangazi, na wote tupo juu ya dunia moja. Sababu ya kweli ni mlalo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23.5 hivi, unaofanya upande mmoja upokee miale iliyonyooka na siku ndefu wakati upande wa pili unapokea miale iliyolala na siku fupi.

Ukishauelewa mlalo huo, mvua zetu zinajieleza. Ukanda wa mvua huifuata njia ya jua, ukichelewa kidogo nyuma yake, kwenda kusini na kurudi kaskazini. Maeneo yaliyo karibu na ikweta hupitiwa mara mbili, wakati wa vuli na wakati wa masika. Kusini zaidi, Mbeya na Songea, safari ya kwenda na ya kurudi hukaribiana mno hadi zikawa msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili.

Mwezi nao hubadilika umbo kwa sababu tunauona upande wake unaoangazwa na jua kutoka pembe tofauti kadiri unavyotuzunguka. Kivuli cha dunia hakihusiki, isipokuwa siku ya kupatwa kwa mwezi. Wavuvi wa pwani, hata wasiokwenda shule, wanajua kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja kati yake. Msomi aongeze sababu: katika siku za bamvua jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua na wa mwezi huungana.

Kuhusu ramani, itazame upya ile iliyokuwa ukutani darasani. Ramani ya aina hiyo, iitwayo ya Mercator, huinyanyua Greenland ikaonekana kulingana na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Linganisha pia kwa namba: Tanzania peke yake ni kubwa kuliko Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Hatua ya saba: namna ya kusoma ili maarifa yabaki

Chukua kitabu cha kiada cha Kidato cha Kwanza au cha Pili katika somo uliloachia hapo. Wengi huona haya na kukimbilia vitabu vya chuo au video ndefu, wakati kitabu cha sekondari kimeandikwa kwa mpangilio wa mtu asiyejua. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Kama una mtoto wa sekondari nyumbani, soma chake akiwa amelala, au bora zaidi, soma naye.

Usirudie kusoma ukurasa uleule. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma tena na tena waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walishindwa na wale waliosoma mara moja kisha wakajipima kwa kujaribu kukumbuka. Kwa hiyo funga kitabu, andika ulichokielewa, kisha fungua na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia zoezi hilo baada ya siku chache, halafu baada ya mwezi.

Uliza watu wenye kazi zao. Mhasibu wa ofisini kwako atakueleza riba ya salio linalopungua katika muda wa kunywa chai, na muuguzi jirani atakufafanulia majibu ya kipimo cha AS. Kinachozuia ni cheo, kwani kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyoona kuuliza kuwa ni kujivua nguo. Katika kikao, tumia kauli iliyozoeleka: "Mwenyekiti, naomba ufafanuzi kidogo wa jinsi namba hii ilivyopatikana." Mara nyingi utakuta nusu ya waliokuwa wakitikisa kichwa walikuwa wakilisubiri swali hilo, na wakati mwingine mtoa mada mwenyewe hana jibu.

Hatua ya nane: rudia kipimo

Baada ya miezi mitatu, jibu upya maswali ya hatua ya pili kwenye ukurasa mpya bila kutazama majibu ya zamani, kisha uyaweke sambamba. Ongeza maswali matano ya fani yako ambayo unadhani kila mtu anayajua, uwape wenzako wa fani nyingine, nao wakupe ya kwao. Kundi la watu wanne au watano wa taaluma tofauti, linalokutana mara moja kwa mwezi kwa swali moja tu ambalo mmoja analieleza na wengine wanamhoji, linatosha kuufanya mzunguko huu uendelee mwaka mzima. Anayeeleza asiwe mtaalamu wa jambo hilo. Mtaalamu akae pembeni, asikilize mpaka mwisho, ndipo asahihishe.